Shangazi ameomba kiyoyozi, nami nashuku kasoro iko kwenye ngazi

Mwanagenzi wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa ndani katika chuo kimoja cha Mombasa, na nimerudi Lamu kwa likizo nikiwa na kazi ya darasa. Kila mmoja wetu ametakiwa achague nyumba anayoijua, amhoji anayeishi humo, kisha apendekeze mabadiliko kwa kufuata hatua tano za fikra za usanifu kama zilivyoenezwa kutoka Chuo Kikuu cha Stanford: kumwelewa mtumiaji, kubainisha tatizo, kuibua mawazo, kutengeneza kielelezo na kukijaribu. Pamoja na hatua hizo tulipewa orodha ya mambo yanayouathiri usanifu wa ndani, yaani matumizi ya chumba, vipimo vya mwili, mwanga, hewa, rangi, vifaa vya ujenzi, bajeti, mila na sheria. Mwalimu aliiandika orodha ubaoni, tukainakili, kipindi kikaisha.

Nimeichagua nyumba ya shangazi yangu iliyoko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa moja, yenye daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani ulio wazi juu), misana miwili (vyumba virefu vinavyoelekea kiwandani) na ndani (chumba cha nyuma kabisa), na yuu, yaani juu, kuna vyumba viwili pamoja na jiko lililoezekwa makuti. Shangazi ni mjane wa miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nilipomuuliza anataka nini, hakusita hata kidogo: anataka kiyoyozi katika chumba cha ndani anamolala siku hizi, dari ya jipsamu ya kuzificha boriti, vigae vinavyong'aa sakafuni, na seti ya makochi kama ile aliyoiona kwa jamaa zetu Mombasa. Nikayaandika yote. Lau ningeyafuata maneno yake, kazi yangu ingekwisha siku ile ile.

Hata hivyo tuliambiwa kwamba kumhoji mtu hakutoshi mpaka umtazame anavyoishi, basi nikakaa kwake siku tatu na daftari mkononi, nikiandika anakokwenda na saa anayokwenda. Nimejua kwamba miaka yote alikuwa akilala yuu, kunakopita upepo, na kwamba alihamia tini (chini) mwaka jana tu, magoti yalipozidi. Hakulala msanani kwa sababu ya mbu na kwa sababu kila aingiaye kiwandani anakiona kitanda, kwa hiyo akajificha ndani kabisa, chumba kisicho na dirisha hata moja, na humo ndimo anamosema joto linamuua. Hupanda yuu mara mbili kwa siku kupika, na kila apandapo hukaa huko muda mrefu kuliko chakula kinavyohitaji. Nilizipima ngazi: vidato 15, kila kimoja kina kimo cha sentimita 24 na upana wa sentimita 22. Katika kidato cha tisa husimama na kuushika ukuta, na chokaa ya mahali hapo imeingia weusi wa kiganja chake.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, je, tatizo ninalopaswa kulibainisha ni joto, kama asemavyo mwenyewe, au ni ngazi, kama nionavyo mimi. Na nikisema ni ngazi, si utovu wa adabu kumwambia mtu mzima kwamba anachokiomba sicho kinachomfaa? La pili, ile orodha ya mambo tisa naitumiaje? Nimejaribu kukiandikia kila kimoja aya yake, nikapata kurasa sita ambazo hazinielekezi hata mahali pa kuweka kiti.

Mwashi Mstaafu (Mkomani)

Wa alaykum salaam mwanangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuvunja.

Mimi sikusomea hizo hatua tano, lakini kazi ya uashi nimeifanya katika mitaa hii tangu mwaka 1979, na naweza kukujibu lile swali la pili kwa upande wangu. Katika nyumba ya mawe ya Lamu, mambo yako tisa hayalingani uzito hata siku moja. La kwanza ni boriti. Mti wa mkoko una urefu wake na unene wake, na ukitaka ubebe sakafu ya mawe na chokaa bila kupinda, nafasi kati ya ukuta na ukuta haitafika mita tatu; nyingi nilizozipima ni mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Watu huja wakasema wazee walipenda vyumba vyembamba, kumbe walikipata chumba ambacho mti uliwapa, kisha wakakitengeneza kikawa kizuri.

Ukishalijua hilo, mengi yanajijibu yenyewe. Seti ya makochi haikai katika msana wa mita mbili na nusu, kwa kuwa ukiweka kochi kila upande, magoti ya wageni yatagongana na sinia haina pa kupita. Tena kabla hatujafika msanani, kochi lenyewe lije kwa mashua, lipandishwe mkokotenini au libebwe na mahamali, lipite kichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa shida, kisha liingie mlango wenye ubao mmoja uliofunguliwa na mwingine uliokwama. Nimewahi kuona kochi likikatwa miguu barabarani. Vifaa hapa hupimwa kwa mgongo wa punda kabla ya kupimwa kwa futi.

Dari ya jipsamu usiikubali hata akililia. Kwanza inashusha urefu wa chumba, na urefu ule ndio unaolipa joto mahali pa kwenda. Pili inazificha boriti, na boriti iliyofichwa huliwa na mchwa mpaka siku inapokuangukia. Boriti iliyo wazi unaiona ikianza kutoa unga, unaibadilisha moja, na nyumba inaendelea. Vigae vya kung'aa navyo hubandikwa kwa saruji, na saruji juu ya mawe ya matumbawe ni ugomvi: unyevu wa chini hukosa pa kutokea sakafuni, hupanda ukutani pamoja na chumvi yake, na baada ya misimu michache plasta hubambuka vipande vipande. Chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huuziba. Hilo nimelirekebisha katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara nyingi aliyeharibu alikuwa fundi mwenzangu aliyekuwa na haraka.

Kiyoyozi nacho kinahitaji chumba kinachofungika, na chumba cha ndani cha nyumba zetu kina milango miwili iliyo wazi kuelekea msanani, isiyokuwa na mbao bali mapazia. Utaupoza mji mzima. Halafu mtambo wake wa nje utauweka wapi? Mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakutaka uombe ruhusa kabla hujagusa jengo la namna hiyo. Kwa hiyo lile neno "sheria" uliloliweka mwisho wa orodha yako, lipandishe liwe la pili, baada ya boriti.

Neno moja la pembeni ambalo hukuuliza: kama kuna mtu atakayemshauri shangazi yako aweke tangi la maji yuu, akumbuke kwamba lita 1,000 za maji ni tani moja kamili. Tangi liegemezwe juu ya kuta, lisiwekwe katikati ya boriti.

Swali lako la kwanza, la adabu, namwachia mwingine.

Msanifu wa Malindi

Nawasalimu nyote. Mwalimu Mwashi amelijibu swali la pili vizuri kuliko vitabu vyangu, ingawa nitabishana naye kidogo hapa chini. Naomba nianze na swali la kwanza.

Mwanagenzi, hatua tano ulizofundishwa ni muhtasari wa mjadala mrefu, na muhtasari huo umefanya kazi ionekane nyepesi. Mwaka 1969 Herbert Simon, msomi Mmarekani ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwamba yeyote anayebuni njia ya kuitoa hali iliyopo na kuifikisha kwenye hali inayopendelewa anafanya usanifu, awe ni daktari, mfanyabiashara au fundi. Wazo hilo ndilo lililoufungulia usanifu mlango wa kutoka kwenye karakana. Lakini mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber waliandika jambo linalokuhusu wewe zaidi, kwamba yako matatizo ambayo hayawezi kubainishwa kwanza na kutatuliwa baadaye, kwa sababu namna unavyolieleza tatizo tayari ni nusu ya jibu. Ukisema "joto", umeshachagua mashine. Ukisema "ngazi", umeshachagua seremala. Ukisema "mbu na macho ya watu", jibu laweza kuwa chandarua na pazia, na gharama yake haifiki hata nauli ya kuleta kiyoyozi kutoka Mombasa.

Kwa hiyo usihangaike kuamua sasa hivi lipi ndilo tatizo la kweli. Shangazi yako hakukosea. Alitaja mwisho wa mnyororo, nawe umeona katikati yake. Magoti yamemshusha, mbu na haya vimemsukuma ndani, na ndani kukamwunguza. Kila pingu ya mnyororo huo inaweza kukatwa, na kazi yako ni kutafuta iliyo rahisi kukatwa bila kuidhuru nyingine. Wala hapo hakuna utovu wa adabu, kwa maana humwambii kwamba hajui anachokitaka. Mrudie umwambie, "Shangazi, nimekusikia joto linakusumbua, nipe wiki moja nijaribu kulipunguza kabla hatujanunua kitu." Mtu mzima hukasirika akipuuzwa, hakasiriki akiombwa subira.

Kuhusu kutazama na kupima, umeifuata njia nzuri yenye historia. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za umma za mji wa Frankfurt baada ya kupima kwa saa muda na hatua ambazo mwanamke hutumia katika kazi za nyumbani, na alijifunza pia kutoka kwenye jiko dogo la behewa la chakula la treni. Likatoka jiko la takriban mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu kikifikika kwa hatua chache, na likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Majiko mengi ya kisasa yenye kabati mfululizo ni wajukuu wa jiko lile. Hata hivyo baadaye lililaumiwa, kwa kuwa lilimtosha mtu mmoja tu na likamtenga mpishi na watu wake. Hatua zilipimwa, mazungumzo hayakupimwa.

Sasa kuhusu ngazi zako, maana namba ulizozileta ni za thamani. Katika karne ya 17 Mfaransa François Blondel aliweka kanuni ambayo bado tunaitumia: zidisha kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wake, na jumla iwe kati ya sentimita 60 na 65 hivi. Za shangazi yako ni 48 na 22, yaani 70, na kimo cha 24 peke yake ni kikubwa mno kwa goti bovu. Ukitaka vidato vya 18 kwa 27, utahitaji vidato 20 na mwendo wa zaidi ya mita tano kwenda mbele, ambapo sasa una mita tatu na kidogo. Nyumba haina nafasi hiyo mahali ngazi zilipo. Kwa hiyo ngazi mpya ya mawe iondoe katika mawazo.

Ninapobishana na Mwashi ni hapa: boriti ni ya kwanza Mkomani, lakini si ya kwanza kila mahali. Kwetu Malindi nyumba nyingi mpya ni za matofali ya saruji na nondo, ukuta unaweza kuwa mbali na ukuta upendavyo, na kwa kuwa hakuna mti wa kutubana, tunajenga upuuzi. Naona nyumba zenye vioo vikubwa vilivyoelekezwa magharibi, ambako jua la alasiri huingia likiwa chini na hakuna upenu unaoweza kulizuia, kisha wenyewe wanalipia umeme wa kuliondoa joto walilolikaribisha. Sisi tulio nyuzi mbili au tatu kusini mwa Ikweta, jua la adhuhuri hutupiga utosini, hivyo paa na pande za mashariki na magharibi ndizo za kuogopwa, na kaskazini na kusini ndiko kwa kufungua madirisha. Nenda Gedi, mji ulioachwa katika karne ya 17 na ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, utazame vile vyumba vyembamba vinavyofuatana nyuma ya viwanda vyao. Utaijua nyumba ya shangazi yako kabla hujaisomewa. Hali ya hewa ni jambo ambalo halibadiliki hata vifaa vikibadilika, na kama ningelazimika kuchagua la kwanza katika orodha, ningelichagua hilo.

Shauri langu la vitendo ni kwamba usivunje wala usijenge kielelezo cha mbao. Mwondoe shangazi ndani, umhamishie kitanda msana wa pili, utundike pazia zito na chandarua, na umwache alale hapo wiki moja. Ukuta mweupe wa chokaa na kiwanda kilicho wazi vitafanya sehemu yao.

Bi Mkubwa wa Shela

Nimesoma yote, na nawapa hongera wanaume wawili kwa elimu yao. Lakini mwanangu, wewe mwenyewe umeandika jambo zito kuliko yote, na hawa hawakuligusa. Umesema shangazi yako hupanda kupika na hukaa yuu muda mrefu kuliko chakula kinavyohitaji. Ulimwuliza anafanya nini huko?

Mimi nitakwambia. Anazungumza. Katika nyumba zetu wanawake huonana kwa yuu. Jirani anatoka katika jiko lake la makuti, nawe unatoka katika lako, mnapeana habari, mnaombana ndimu, mnajua nani mgonjwa na nani amejifungua. Daka na baraza ni za wanaume na wageni, nayo tekani ilijengwa kwa kona ili mpita njia asione ndani. Kwa mwanamke wa umri wake, mji uko yuu. Kwa hiyo atakapotokea mwerevu akakwambia, "Sasa anapikia gesi, moshi hakuna, basi mteremshie jiko tini asipande tena," utakuwa umemponya magoti na kumfunga jela. Huyu Msanifu ameeleza lile jiko la Wazungu lililomtenga mpishi na watu wake, kisha akapita kana kwamba ni habari ya mbali.

La pili ni vipimo vya mwili. Nimewaona mafundi wengi wakitujengea jiko lenye meza ya simiti ya sentimita 90, kwa mtu anayepika wima. Wali wa nazi haupikwi wima. Mbuzi ya kukunia nazi hukaliwa, na anayekuna yuko karibu na sakafu, sinia iko mbele yake na miguu imenyooka. Kuchambua mchele ni chini, kutwanga ni kwa kigoda. Nusu ya kazi za jikoni ziko chini ya goti. Ukiniuliza mimi, shangazi yako hasumbuliwi na ngazi peke yake, anasumbuliwa pia na kuinuka kutoka kwenye mbuzi. Mtengenezee kibaraza cha kimo cha kiti, mbuzi ifungwe juu yake, na mahali pa kuegemeza mkono. Hilo halihitaji ruhusa ya makumbusho.

Na kuhusu makochi, msimcheke. Hayataki kwa sababu ya kukalia. Anayataka kwa sababu wageni wa harusi watakapokuja wasiseme nyumba ya marehemu imechakaa. Hiyo nayo ni sababu ya usanifu, hata kama haimo katika orodha ya mwalimu wako. Mpake chokaa mpya, msafishie zidaka (vishubaka vya ukutani) za ndani, mrudishie vyombo vyake vya kaure ambavyo nina hakika amevifunga kwenye sanduku kwa kuogopa wajukuu, na msana mmoja uwekwe mikeka mipya na mito. Kisha umwulize tena habari ya makochi.

Mwanagenzi wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukawia. Nilitaka kurudi na jambo la kusema.

Nilimwuliza shangazi anafanya nini yuu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Ni kama alivyosema Bi Mkubwa: kuna jirani yake wa miaka arubaini, ukuta kwa ukuta, na tangu alipohamia kulala tini hawaonani usiku, wakati ambao zamani walikuwa wakizungumza mpaka usingizi uwachukue. Hilo hakulitaja katika mahojiano yangu yote mawili. Mimi nilikuwa nimeuliza kuhusu chumba.

Tulikihamisha kitanda hadi msana wa pili kwa siku saba. Badala ya pazia la kununua nilitumia kamba na leso nne zilizoshonwa pamoja, ili nijue kwanza mpaka wa faragha uwe wapi; siku ya kwanza zilikuwa karibu mno na kitanda zikazuia hewa, siku ya tatu nikazisogeza hadi kwenye nguzo za msana, na hapo ndipo alipolala bila kulalamika. Kipimajoto nilichoazima kilionyesha nyuzi 31 ndani na 29 msanani saa nne za usiku. Tofauti ni ya nyuzi mbili tu, lakini anasema kinachomfaa hasa ni ule upepo mdogo unaoshuka kiwandani. Chandarua kimewamaliza mbu. Habari ya kiyoyozi hajaitaja tangu siku ya tano, nami sijamkumbusha.

Dosari imejitokeza moja ambayo sikuitarajia. Akiwa ndani alikuwa akisali na kuvaa bila wasiwasi, na msanani anajihisi yuko njiani. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba ndani pabaki kuwa chumba chake cha kuvaa, kusali na kuhifadhi vitu, na msana uwe wa kulala tu. Sanduku la kaure tumelifungua. Bakuli mbili zilikuwa zimevunjika humo humo sandukuni, na nyingine kumi na moja zimerudi kwenye zidaka. Makochi bado anayataka, ila sasa anasema moja linatosha.

Zimebaki ngazi. Nimependekeza reli ya mbao ya kushika pande zote mbili, taa, na pale kidato cha tisa kibaraza kidogo cha kukalia, kwa kuwa ukuta una kidaka cha zamani kilichozibwa kwa saruji ambacho nadhani kinaweza kufunguliwa. Nimefikiria pia ngazi ya mbao ndani ya kiwanda, ya mikondo miwili, isiyogusa mawe na inayoweza kuondolewa. Nimeichora kwa chokaa sakafuni kwa vipimo kamili, shangazi akaizunguka mara mbili, akasema, "Na jua langu je?" Kwa kweli mchoro ulikula zaidi ya theluthi ya kiwanda. Nimeufuta.

Bi Mkubwa, kibaraza cha mbuzi seremala amekwisha kukipima. Mwashi, je, kile kidaka kilichozibwa ni salama kukifungua?

Mwashi Mstaafu (Mkomani)

Kidaka kilichozibwa huwa na sababu mbili: ama mwenye nyumba alichoka kukipangusa vumbi, ama ukuta ulipasuka na fundi akaogopa. Gonga saruji hiyo kwa nyundo ndogo. Ikilia tupu, inawezekana ni ya aina ya kwanza. Ikilia nzito, au ukiona ufa unaopanda juu yake kuelekea kwenye boriti, usiiguse mpaka nije. Hata ikilia tupu, ombeni ruhusa kwanza, na msiifungue kabla ya mvua za masika kwisha, kwa sababu chokaa tutakayoirudishia haikauki vizuri katika unyevu ule.

Jambo jingine ni kwamba wiki yako ya majaribio ilikuwa ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, upepo utaingia kwa upande mwingine na mvua itarushwa kiwandani mpaka msana wa kwanza. Leso zako ziache kwenye kamba hadi mwezi wa saba, uone kama kitanda kitakaa palepale, ndipo mkanunue pazia.

Nitapita Jumatatu baada ya alasiri. Mwambie shangazi yako asinipikie.